Mtu wa Themanini na Moja

Kwa msomaji aliyenikosa wiki jana, nampa kwa kifupi ili twende sawa: kazi ya miaka tisa ya watu wengine niliivunja mimi kwa dakika nne, mbele ya kipaza sauti, huku najiona shujaa.

Naitwa Nuruddin Gatewood. Nimezaliwa hapa hapa Merrow Falls, Ohio, kwa jina la Clarence, na nina miaka sabini na mmoja. Nilisilimu mwaka 1974 nikiwa kiwanda cha breki. Chuo sikusoma. Sheria nimejifunzia maktaba ya mji, kwenye kile kiti cha karibu na hita, na kila barua niliyowahi kuandika gazetini ninayo fotokopi yake kwenye maboksi ya viatu. Mji huu ukisahau, mimi sisahau.

Waislamu wa hapa tunasali chumba cha kupanga, nyuma ya duka la mashine za kufulia nguo. Tuna uwanja Barabara ya Cutler, zamani shamba la soya, na tuliiomba bodi ya mipango ya mji kibali tujenge msikiti wa watu mia na hamsini. Majirani wakaweka wakili, Bwana Kessinger. Kikaoni, kwenye ukumbi wa mji, mmoja wao akasema sisi ni wageni tuliokuja juzi.

Juzi! Baba yangu kazikwa maili mbili kutoka ukumbi ule. Nikanyanyuka bila kuitwa, nikala kiapo, nikawapa historia yao yote mpaka wakachoka. Halafu Kessinger akaniuliza, kwa upole kama mtu anayeuliza njia:

"Sikukuu yenu iliyopita, mle chumbani mliingia wangapi?"

"Mia mbili na kumi na wawili. Nilihesabu mwenyewe."

"Na kibao cha ukutani kinaruhusu wangapi?"

"Themanini."

"Mlienea vipi?"

"Tunasogeleana, bwana. Bega kwa bega, kisigino kwa kisigino. Kwenye safu yetu siku zote kuna nafasi ya mmoja zaidi. Hatujawahi kumrudisha mtu mlangoni na hatutamrudisha."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja!"

Nilisema kwa fahari. Mwislamu yeyote angesema vile. Tangu siku ya kwanza nasikia imamu akituambia nyoosheni safu, zibeni mianya. Nilidhani nawasifia watu wangu.

Kessinger akaigeukia bodi. "Basi hiyo mia na hamsini waliyoiandika kwenye fomu ni pambo tu."

Kura ikaahirishwa wiki tatu. Siku ya pili yake mkaguzi wa zimamoto akaja kwenye duka la kufulia na kibao kipya, chekundu, akasema akimkuta mtu wa themanini na moja mle ndani anafunga mlango na kuondoka na ufunguo.

Hapo ndipo nilipowaacha.

*

Ijumaa ya kwanza baada ya kibao nilichelewa. Theluji ilikuwa imezika gari, nikapiga sepeto mpaka mgongo ukakataa.

Mlangoni nikamkuta Senad, ameshika kidude cha kuhesabia, kile cha kubonyeza kwa dole gumba.

Senad ni Mbosnia, fundi wa malori. Miaka kumi na moja bega lake la kushoto limesimama kwenye bega langu la kulia. Naweza kumtambua nikiwa nimefumba macho, kwa harufu ya grisi. Mke wangu Zakiyya alipofariki Oktoba, Senad ndiye aliyeshuka nami kaburini.

"Assalaam alaykum, Senad."

"Wa alaykum salaam, mzee. Simama hapo hapo."

"Kuna nini?"

Akanigeuzia kidude nisome. Themanini.

"Wewe ni wa themanini na moja."

"Acha utani."

"Utani mimi? Baada ya ile hotuba yako?" Akaonyesha kwa kidevu gari la kijivu upande wa pili wa maegesho. "Mkaguzi yule pale anakunywa kahawa. Ananihesabia. Kuna awamu ya pili saa nane na nusu. Nenda garini ujipashe moto."

"Niache nisimame penye viatu tu."

"Hata penye viatu unahesabiwa."

"Senad, mimi ndiye niliyekuonyesha chumba hiki."

"Si ulisema siku zote kuna nafasi ya mmoja? Haya, nionyeshe. Ingiza macho tu, uniambie iko wapi."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kumjibu, maana maisha yangu yote nimejibizana na wanaopaza sauti.

"Mama yangu ana miaka themanini na minane," akasema. "Msikiti wa kwao aliuona ukilipuliwa, yeye mwenyewe, kwa macho yake, toka dirishani. Ameniomba kitu kimoja tu, asali ndani ya msikiti wenye mnara kabla hajafa. Mfupi, mrefu, anasema hajali. Ungekaa tu, mzee. Ungekaa kwenye kiti chako dakika nne."

Akafunga mlango, polepole, kama unavyomfungia mgonjwa aliyelala.

Awamu ya pili sikuingoja. Kiburi. Nilichukua boksi la kadibodi lililotupwa nje ya duka la kufulia, nikalitandaza kati ya magari mawili, nikasali adhuhuri yangu, rakaa nne, peke yangu. Mkaguzi akashusha kioo cha gari aone vizuri.

Mwisho wa sala nikatoa salamu kulia, palipokuwa na tairi la gari la mtu. Nikatoa kushoto, kwenye tairi jingine.

*

Nikiwa bado nakung'uta theluji magotini, mlango wa gari la pembeni yangu ukafunguliwa.

"Ingia, Ndugu Nuruddin. Utakufa hapo."

Dokta Quraishi, mwenyekiti wa kamati yetu. Ni daktari wa meno, Mpakistani, na huzungumza na kila mtu kama bado ana vidole kinywani mwake: taratibu, asije akaumwa.

"Jumanne ya tatu kutoka leo wanapiga kura," akasema. "Bodi ina watu saba. Watatu wako nasi, watatu hawatutaki, na Mama Stipe, mwenyekiti wao, hajasema. Amenipigia simu. Kinachomzuia ni maneno yako tu."

"Maneno yangu ni ya kweli."

"Ndiyo maana yanatuua. Uongo ningeukanusha mwenyewe."

Hita ilikuwa inavuma. Nikaitazama mikono yangu.

"Unataka nini, Dokta?"

"Atakuita. Mwambie ulizidisha. Mwambie zilikuwa hasira, kwamba tukishajenga, tutahesabu mlangoni, na akifika wa mia na hamsini na moja tutafunga."

"Unaniambia nikadanganye, nimeinua mkono wa kulia?"

"Sikuombi udanganye, ndugu yangu. Nakuomba useme ulizidisha."

"Tofauti yake nini?"

"Tofauti yake ni msikiti."

Nikacheka bila kupenda. Yeye hakucheka.

"Senad anajua umekuja kuniomba?"

"Senad ndiye aliyeniambia unasali kwenye kadibodi. Alikuwa anakutazama dirishani. Kashindwa kutoka." Akanigeukia. "Ukilisema hili Jumanne, kila mtu atasahau. Ila niambie kweli. Kuna kitu kingine Kessinger anacho kuhusu wewe? Kama kipo kiseme sasa, mlango umefungwa."

"Hakuna."

Na mkono wangu ukaenda kushika sikio la kushoto.

Quraishi hajui maana yake. Dada yangu Odessa anaijua. Tangu utotoni nikidanganya mkono huenda sikioni wenyewe, na mama yetu alinichapa mara nyingi kwa ushahidi wa sikio hilo.

*

Sasa nanyi wasomaji.

Wiki jana niliwaandikia kwamba Kessinger nilimwona mara ya kwanza kikaoni. Niliwadanganya. Laiti mngeuona mkono wangu.

Kila Alhamisi mimi na Zakiyya tulikuwa tunakula pai ya tufaha kwenye mgahawa wa Mtaa wa Depot, meza ya dirishani. Alipofariki niliendelea kwenda. Mhudumu alinizoea, akaacha kuleta uma wa pili.

Alhamisi moja ya Januari nilikuwa nina siku nne sijasema na mtu, ukiondoa asante niliyompa muuza petroli. Bwana mmoja aliyevaa sweta la kijani akasimama mbele yangu.

"Samahani, wewe si ndiye unayeandika zile barua gazetini?"

"Ndiye mimi. Una la kupinga?"

"Hapana, nazisoma zote. Naweza kukaa?"

Akakaa saa mbili. Saa mbili! Akaniuliza kiwanda cha breki kilifungwaje. Akaniuliza Zakiyya alikuwa mtu wa namna gani, na nilipokwama hakutazama saa yake, akangoja. Halafu akaniuliza sasa napata wapi nguvu, nikamwambia, kwenye safu. Nikamwambia tangu mke wangu aondoke, mtu pekee anayenigusa duniani ni yule anayesimama nami kwenye sala. Nikamweleza tunavyosogeleana. Nikamwambia siku ya Idi tulikuwa mia mbili na kumi na wawili na kibao kinasema themanini, na nikacheka, naye akacheka nami.

Wakati wa kuondoka akaacha kadi yake mezani. Niliisoma nikiwa garini. Wakili. Kessinger, yule waliyemweka majirani wa Barabara ya Cutler.

Ningeweza kukimbia kwa Quraishi siku ile ile. Angejua kinachokuja, angejiandaa. Badala yake niliichukua ile kadi nikaitia kwenye boksi la viatu, chini ya fotokopi, nikafunga.

Na hilo silo linaloniuma zaidi. Alhamisi iliyofuata nilirudi mgahawani mapema, nikachagua meza ya watu wawili, nikawa natazama mlango. Nilikuwa namngojea yeye.

*

Jumatatu ya mkesha wa kura, baada ya Ijumaa mbili nilizosali nyumbani, Odessa akanipigia.

"Clarence."

"Nuruddin."

"Nuru nini sijui, utajua mwenyewe. Nasikia kesho unaitwa mbele ya bodi. Nakuja."

"Usije, dada."

"Nakuja na kina mama wa kanisani. Tena tunavaa kofia."

"Odessa, wewe dini yangu unaisema vibaya kila Krismasi."

"Na nitaendelea kuisema. Siji kwa ajili ya dini yako, mdogo wangu, nakuja kwa ajili ya baba."

Nilijua anachosema. Mwaka 1962 baba yetu na wenzake waliomba bodi hii hii kibali cha kujenga kanisa la weusi Mtaa wa Pear. Wakanyimwa. Hawakuambiwa ni kwa sababu ya rangi. Waliambiwa bomba la maji machafu ni jembamba, halitahimili watu wengi kiasi kile. Walisali miaka sita kwenye gereji ya mtu. Aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ni mzee Stipe, baba mkwe wa huyu mama wa leo. Kipande cha gazeti ninacho.

"Kawaambie vile vile ulivyowaambia mara ya kwanza," Odessa akasema. "Baba alikaa kimya akafa na kimya chake. Wewe hujawahi kuwa na akili ya kunyamaza, ndiyo faida yako peke yake."

"Usije. Theluji nyingi."

"Mbona unanikataza?"

Nikaikata simu, nikasingizia mlango unagongwa. Hakukuwa na mtu anayegonga. Nilikuwa nimeshika sikio.

*

Jumanne, saa kumi jioni, ukumbi wa mji. Ukutani kando ya mlango kuna kibao: watu mia na ishirini. Miaka yote naingia humu sikuwahi kukisoma.

Majirani upande wa kulia, sisi wa kushoto. Mbele yetu amekaa mama yake Senad, kajifunga kitambaa cheupe. Kiingereza cha kikao hakijui, ila aliponiona akatabasamu na kuinua mikono kidogo, kuniombea.

Mama Stipe akaniita. Nikainua mkono wa kulia.

"Bwana Gatewood, mara iliyopita ulituambia kwamba mlangoni kwenu harudishwi mtu. Bado unasema hivyo?"

Quraishi alikuwa ameinamia viatu vyake. Senad alikuwa ananitazama usoni, kwa mara ya kwanza katika wiki tatu.

Miaka hamsini nimesimama mbele ya vipaza sauti vya mji huu. Nimefukuzwa, nimezimiwa kipaza sauti, nimetolewa na polisi mara mbili. Sikuwahi kufuta neno langu.

"Hapana, mama mwenyekiti," nikasema. "Nilizidisha. Zilikuwa hasira za hapa kikaoni."

"Kwa hiyo safu yenu ina mwisho."

"Ina mwisho."

"Na akija mtu wa mia na hamsini na moja?"

"Atarudi nyumbani kwake."

Akaandika. Quraishi akashusha pumzi, nikaisikia toka nilipo. Mkono wangu wa kushoto nilikuwa nimeutia mfukoni, nimeukunja ngumi humo ndani.

Ndipo mlinzi wa mlangoni akapaza sauti:

"Mama mwenyekiti, samahani! Ukumbi umejaa, mia na ishirini kamili. Na nje wapo kina mama kumi na wanane, wa kanisa la Mtaa wa Pear."

Mama Stipe akavua miwani. "Na theluji hii? Waingize, bwana. Jamani, sogeeni kidogo, wote, sogeleaneni. Hatuwezi kumwacha mtu nje. Nafasi haikosekani."

Wakaingia na kofia zao, Odessa mbele, kofia ya zambarau pana kama sinia. Watu wakasogea kulia, wakasogea kushoto, magoti yakagusana, makoti yakapakatwa. Mkaguzi wa zimamoto, yule yule wa gari la kijivu, akanyanyuka kumpisha bibi mmoja, kisha akajibana ukutani, chini kabisa ya kile kibao.

Hakuna aliyeshtuka. Walifanya kama watu wafanyavyo.

 Maneno yangu yale yale, kutoka kinywani mwake yeye! Kama ningekuwa bado nayashikilia, ningemwonyesha kibao kwa kidole, nikamwambia, hicho ndicho nilichosema, mama, hicho tu, wala si zaidi. Angesema nini? Bodi nzima ingesema nini?

Lakini dakika moja kabla nilikuwa nimeyakana kwa kiapo.

"Asante, Bwana Gatewood," akasema. "Ukakae."

Kiti changu kilikuwa kimekaliwa na bibi wa kanisani. Nikawa nimesimama njiani kama mzigo, mpaka Senad akambonyeza jirani yake, akajisogeza, akapiga benchi kwa kiganja.

"Njoo hapa, mzee."

Pengo lilikuwa dogo. Nikaingia kwa ubavu. Bega lake la kushoto likaja kwenye bega langu la kulia, na grisi yake, na joto lake. Wiki tatu nilikuwa sijaguswa na mtu.

"Umefanya vizuri," akanong'ona. "Nisamehe yale ya mlangoni." Mama yake akageuka, akanipapasa goti.

Nikafikiri, basi. Yameisha. Uongo mmoja, na safu imezibwa.

"Mama mwenyekiti," ikasema sauti ya upole, "swali moja tu kwa shahidi. Bado yuko chini ya kiapo."

Kessinger. Alikuwa amevaa lile sweta la kijani, ndani ya koti.

"Usisimame, Bwana Gatewood, jibu ukiwa hapo hapo. Umesema zilikuwa hasira za kikaoni. Sawa. Je, maneno hayo hayo, na hesabu hiyo hiyo ya mia mbili na kumi na wawili, uliwahi kumwambia mtu kabla ya kikao, ukiwa umetulia, unakula pai?"

Watu wakacheka kwa sababu ya pai. Quraishi hakucheka. Alinigeukia taratibu, kama mtu anayesikia jino likivunjika.

"Pai gani?" Senad akaniuliza sikioni. Bega lake lilikuwa bado halijaondoka.

Upande wa pili wa ukumbi, chini ya kofia ya zambarau, Odessa hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama mkono wangu wa kushoto.

Nikautazama na mimi. Ulikuwa umeshatoka mfukoni, umeshafika begani, unapanda.